Jinsi ya Kuharibu Kichekesho Kinachopendwa: Mwongozo kwa Watayarishaji wa Filamu

Chagua kwanza kichekesho ambacho watu bado wanakipenda. Kilichosahaulika hakifai, kwa kuwa hakuna atakayekumbuka kilivyokuwa. Tafuta kile ambacho babu alikicheka ujanani, kisha akawaita wajukuu zake waje wakicheke naye. Waingereza wanacho cha namna hiyo. Kinaitwa Dad's Army. BBC ilianza kukirusha tarehe 31 Julai 1968, ikakimaliza Novemba 1977, na kwa muda huo vilitoka vipindi 80, vya nusu saa karibu vyote, huku watazamaji wakifikia milioni 18 katika miaka yake mizuri. Mwaka 2016 kikafanywa upya kuwa filamu ya sinema. Filamu hiyo ndiyo kitabu chetu cha kiada. Kila hatua nitakayokuelekeza hapa, ewe mtayarishaji mwenye fedha mkononi, ilifuatwa humo na watu wenye vipaji vikubwa na nia njema. Hakuna aliyekaa akapanga kukiharibu. Ndiyo maana inafaa kufundishia, na ndiyo maana inaniuma.

Ukishachagua, usijiulize watu walikuwa wanacheka nini. Swali hilo likijibiwa vizuri, hatua zote zinazofuata zitakushinda.

Mimi nitalijibu, kwa kuwa msomaji anahitaji kujua kilichopotea. Mwezi Mei 1940 majeshi ya Hitler yalikuwa yakiivamia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitazamia. Tarehe 14 ya mwezi huo Anthony Eden, waziri aliyesimamia jeshi la nchi kavu, alizungumza redioni akawaomba wanaume wa miaka 17 hadi 65 wasiokuwa jeshini wajitolee kulinda miji na vijiji vyao. Kufikia mwisho wa Julai walikuwa karibu milioni moja na nusu. Walikuwa mgambo, na walianza na moyo kabla ya silaha. Walishika bunduki za kuwindia ndege, marungu, chochote kilichopatikana nyumbani. Baadaye serikali yenyewe iliagiza mikuki 250,000, yaani mabomba ya chuma yaliyochomelewa singe kwenye ncha, ili asiyekuwa na bunduki asisimame mikono mitupu. Watu hawa walikuwa makarani, wenye maduka, wastaafu, vijana ambao ndevu zilikuwa bado hazijaota. Walipanga mistari ufukweni wakijua kwamba Wajerumani wakivuka bahari, wao ndio watakaokufa kwanza.

Jimmy Perry alikuwa mmoja wao. Alijiunga akiwa kijana katika kikosi cha Watford, kaskazini ya London, na zaidi ya miaka ishirini baadaye akayaandika aliyoyakumbuka pamoja na David Croft. Kumbukumbu yake ilibeba mambo mawili bila kuyatenganisha: kwamba mgambo wale walichekesha kupita kiasi, na kwamba walichokuwa tayari kukifanya hakikuwa mzaha hata kidogo. Wakuu wa BBC waliingiwa na hofu kwamba kichekesho hiki kingeonekana kuwadhihaki watu waliosimama imara katika saa ngumu ya taifa. Hofu ile haikuwa ya kipuuzi. Perry na Croft waliijibu kwa kazi yao, kipindi baada ya kipindi, kwa miaka tisa.

Wakabuni mji wa pwani, Walmington-on-Sea. Meneja wa benki, Bwana Mainwaring, anajipa ukapteni. Ni mfupi, mnene, anajiona mkubwa, na ni jasiri kwelikweli. Karani wake mkuu, Wilson, anakuwa sajini wake. Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipotegwa, kwa sababu Wilson amezaliwa katika ukoo bora, amesoma shule za mabwana, ana sauti laini na mwendo wa mtu ambaye hajawahi kulazimika kujieleza. Mainwaring amepanda kwa jasho, na kila akimtazama karani wake anaona kile ambacho jasho haliwezi kukinunua. Mwenye bucha, Jones, ni koplo mzee aliyepigana Sudan chini ya Kitchener na hachoki kulisimulia. Frazer anatengeneza majeneza na anaona kifo kila upande. Walker ni mlanguzi, anauza kwa magendo vyote vilivyowekwa kwenye mgawo. Mzee Godfrey anaishi na dada zake na kila mara anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Pike ni karani mdogo wa benki ambaye mama yake humfunga skafu shingoni kabla hajaenda vitani.

Watu hawa wanangoja. Hilo ndilo jibu la swali letu. Wamejipanga kumpokea adui ambaye haji, na kwa kuwa haji, wanabaki na wenzao: na majivuno ya meneja, na upole wa sajini unaoudhi, na mzozo na kasisi juu ya nani atautumia ukumbi wa kanisa leo jioni. Adui akitokea huwa amening'inia kwa parachuti kwenye saa ya mji, kama katika kipindi cha 1972, au huwa ni mateka wa kulindwa usiku mmoja. Kungoja ndiko kunakowachekesha, na ndiko kunakowapa heshima, kwa kuwa mtazamaji anajua kwamba wangesimama. Sasa tuone namna ya kukivunja kitu hiki.

Anza kwa kuajiri waigizaji bora kuliko wote waliopo. Hatua hii ni muhimu kwa sababu itamfanya kila mtu, wewe ukiwa wa kwanza, aamini kwamba kazi imekwisha kabla haijaanza. Mwongozaji Oliver Parker alipewa Toby Jones awe Mainwaring, Bill Nighy awe Wilson, Tom Courtenay awe Jones, Michael Gambon awe Godfrey, Bill Paterson awe Frazer, Daniel Mays awe Walker na Blake Harrison awe Pike. Huwezi kupanga safu kama hiyo mara mbili katika maisha. Nami nasema wazi: hawana kosa. Gambon, kwa macho yake tu, anampa Godfrey uzee mtamu wenye kupoteapotea, na Nighy ana ule ulegevu wa bwana mkubwa ambao Wilson anauhitaji. Filamu inasimama kwa muda kila wanapoachwa watazamane. Haiwaachi kwa muda mrefu.

Waigizaji wa kwanza walikuwa na kitu ambacho pesa haziwezi kukiajiri. Arnold Ridley, aliyekuwa Godfrey, alijeruhiwa vibaya katika mapigano ya Somme mwaka 1916, na vita vya pili vilipoanza alirudi tena Ufaransa. John Laurie, aliyekuwa Frazer, alipigana vita vya kwanza, na katika vita vya pili alikuwa mgambo mwenyewe. John Le Mesurier, sajini wa kwenye runinga, alitoka jeshini akiwa kapteni wa kweli. Clive Dunn, aliyeigiza Jones, alikuwa na miaka 48 tu wakati kipindi kilipoanza, akipakwa rangi ya uzee, lakini alikuwa amekaa miaka kadhaa mateka wa Wajerumani baada ya kutekwa Ugiriki. Watu hawa walipovaa gwanda na kupiga saluti vibaya, walijua wanachokikosea. Siwalaumu Toby Jones na Nighy kwa kuzaliwa baadaye. Nasema tu kwamba mtayarishaji aliyeyajua haya angekuwa mwangalifu zaidi na hatua zinazofuata.

Refusha. Kipindi cha nusu saa kigeuze kuwa filamu ya zaidi ya saa moja na nusu, kisha ujaze nafasi iliyobaki. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hudhani urefu ni suala la saa tu. Mwaka 1969 Perry na Croft waliandika kipindi ambamo bomu linadondoka kutoka angani, linapenya dari ya benki, na linaishia mapajani mwa Mainwaring na Wilson ndani ya chumba cha hazina. Halijalipuka. Hawawezi kuinuka. Karibu kipindi kizima kinapita watu wawili wakiwa wamekaa, wamekumbatia kifo, wakizungumza. Meneja hawezi kumwamuru karani wake afanye lolote; karani hana pa kukimbilia; pua ikimwasha mmoja, ni msiba wa wote wawili. Kila kinachochekesha kinatokana na wembamba wa kile chumba na ufupi wa ule muda. Ukikirefusha kipindi kile hadi saa moja na nusu, lazima bomu lilipuke au liondolewe, na baada ya hapo utafute jambo jingine la kufanya. Filamu ya 2016 ina tatizo hilo tangu mwanzo hadi mwisho: daima inatafuta jambo jingine la kufanya. Inawatoa watu wake nje, inawakimbiza, inawapandisha na kuwashusha, inapiga picha nzuri za pwani ya Yorkshire, na ule ukumbi wa kanisa ambamo walibanana kwa miaka tisa unakuwa mahali pa kupitia tu.

Kisha sogeza wakati. Filamu imewekwa mwaka 1944. Nadhani uamuzi huu ulionekana wa busara mezani, maana 1944 kuna mambo makubwa: Washirika wanajiandaa kuvuka kwenda Ufaransa, kuna siri za kulindwa, kuna jasusi wa kuzitafuta. Lakini kufikia mwaka huo hofu ya Wajerumani kutua Uingereza ilikuwa imekwishapita. Desemba ya mwaka huohuo mgambo wenyewe walipumzishwa. Kwa hiyo watu wa Walmington hawangoji tena kitu ambacho kingeweza kuja usiku wowote. Wanapewa kazi ya kulinda siri, kazi ya askari wa kweli, katika hadithi ya kijasusi ambayo ingeweza kupewa kikosi chochote. Uzito wa 1940, pale taifa zima liliposimama ukingoni na kilichokuwa katikati yake na shimo ni mwenye bucha na mkuki wa bomba, haumo kabisa. Mimi nahesabu hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote, na ni kosa lisiloonekana kwenye bango la filamu.

Sasa mlete mwanamke mrembo kutoka mjini. Catherine Zeta-Jones anaingia Walmington akiitwa Rose Winters, mwanahabari aliyekuja kuandika juu ya kikosi, na kila mwanamume anaanza kujitengeneza nywele. Haimchukui mtazamaji muda kujua kwamba yeye ndiye jasusi. Zeta-Jones anaifanya kazi aliyopewa kwa bidii. Aliyopewa ni ndogo: awe mrembo, awe hatari, awafanye wanaume wawe wajinga kidogo zaidi ya walivyokuwa.

Lakini Mainwaring alishawahi kupenda. Ilikuwa katika kipindi cha mwaka 1970 kiitwacho Mum's Army. Kikosi kinawaandikisha wanawake, na miongoni mwao anafika Bi Gray, mama wa makamo, mpole, aliyehamia kutoka London. Carmen Silvera ndiye aliyemwigiza. Yeye na Mainwaring wanakunywa kahawa pamoja asubuhi. Basi. Hakuna busu, hakuna ujasusi. Lakini meneja wa benki aliyeishi maisha yake yote akitazama saa anaanza kulainika, kikosi kinaona, mji unaanza kunong'ona, na Bi Gray anaamua kuondoka kabla mambo hayajaharibika. Mainwaring anamfuata kituo cha treni. Mtu huyu ambaye hajawahi kumwomba mtu yeyote chochote anamsihi abaki. Treni inaondoka. Arthur Lowe, Mainwaring wa runinga, anabaki jukwaani, na uso wake haufanyi karibu lolote. Kipindi kinaishia hapo, bila kicheko cha mwisho. Waandishi wa kichekesho kinachotazamwa na taifa zima walithubutu kumaliza nusu saa yao bila kuchekesha, kwa kuwa walimheshimu Mainwaring. Katika filamu Rose anamchezea hisia zake kwa sababu hadithi inahitaji afanyiwe hivyo. Mimi huwa natamani kila anayepewa kazi ya kumwandikia mtu mashuhuri wa kubuni afunguliwe Mum's Army kabla hajapewa kalamu.

Kisha, bila kusita, mwonyeshe Bi Mainwaring.

Kwa vipindi 80, mke wa Mainwaring hakuonekana. Alikuwepo. Alipiga simu, na mumewe akajibu kwa sauti ya mtoto aliyekosea. Alikuwa juu ya ngazi. Tulichowahi kukiona cha mwili wake, mwaka 1972, ni uvimbe kwenye kitanda cha juu ndani ya handaki la kujikinga na mabomu: kitanda kikibonyea taratibu juu ya kichwa cha mume aliyelala chini. Kila mtazamaji alikuwa na Bi Mainwaring wake, na yule wa kila mtu alikuwa anatisha kuliko mwanamke yeyote ambaye mwigizaji angeweza kuwa. Zaidi ya hapo, kutoonekana kwake kulitufundisha jambo juu ya mumewe. Tulielewa kwa nini mtu huyu anapenda kukaa ukumbini usiku, kwa nini anahitaji cheo, kwa nini ushujaa ni rahisi kwake kuliko kurudi nyumbani. Filamu imemtoa hadharani. Felicity Montagu, mwigizaji hodari, anamfanya mwanamke mwenye amri, aliyevaa sare, anayewaongoza wanawake wenzake. Naelewa nia. Wanawake wa vita vile walifanya kazi kubwa, na kipindi cha zamani hakikuwapa nafasi waliyostahili. Filamu ilitaka kurekebisha hilo, na kutaka kwake kulikuwa sahihi. Ingeweza kuwapa wanawake wengine wote wa Walmington sauti: Bi Pike, Bi Fox, dada zake Godfrey, nao waliigizwa na watu wa daraja la juu kama Sarah Lancashire na Alison Steadman. Ila mmoja huyu alipaswa kuachwa juu ya ngazi.

Kuhusu misemo maarufu, kusanya yote na uitawanye sawasawa. Jones apige kelele kwamba watu wasitaharuki. Frazer aseme wamekwisha. Pike aitwe mtoto mjinga. Hadhira itatabasamu kwa kuitambua, nawe utadhani imecheka. Kipindi cha zamani nacho kiliirudia misemo hii, wala si jambo la kuficha. Lakini chukua ule wa Wilson, anapomuuliza mkubwa wake kwa upole kama anadhani jambo hilo ni la busara. Mle mna tofauti yote ya tabaka kati ya wanaume wawili: mtu wa chini kwa cheo, wa juu kwa kuzaliwa, anamwambia bosi wake kwamba anachotaka kufanya ni upumbavu, na anamwambia kwa adabu ambayo haiwezi kuadhibiwa. Mainwaring anaelewa, Wilson anajua kwamba ameelewa, na kila mmoja anabaki amenyooka. Msemo ule ulikuwa unatoka kwenye jeraha. Bila jeraha ni maneno tu.

Na kichekesho maarufu kuliko vyote hakikuwa msemo wa kurudiarudia. Ni cha mwaka 1973, katika kipindi kiitwacho The Deadly Attachment. Kikosi kinalinda mabaharia wa nyambizi ya Kijerumani, na kapteni wao, aliyeigizwa na Philip Madoc, anaandika kwenye orodha majina ya wote watakaoadhibiwa Ujerumani ikishinda. Pike anaimba wimbo wa kumkejeli Hitler. Mjerumani anamuuliza jina lake ili aliandike. Mainwaring, kwa hasira ya baba anayemlinda mwanawe, anapaza sauti kumkataza kijana asilitaje, na katika kumkataza analitaja yeye. Tukio zima ni la sekunde chache. Kapteni anafanya kosa kwa sababu ya fadhila zake: ni jasiri, ni mwepesi wa kulinda watu wake, na ni mwepesi kuliko akili yake. Kichekesho kama hicho hakiwezi kubebwa kutoka chumba kimoja kupelekwa kingine. Lazima umjenge mtu kwa miaka mitano ndipo kosa lake la sekunde tatu liwe na uzito huo.

Waalike pia waliobaki wa zamani waje kukubariki. Ian Lavender, aliyekuwa Pike kijana, anaonekana kwenye filamu akiwa brigedia, na Frank Williams anarudi kuwa kasisi yuleyule. Nilifurahi kuwaona. Kuwaona kulinifanya nitake kuzima filamu nikatazame waliyoyafanya zamani, na sidhani hilo ndilo mtayarishaji alilolitaka.

Hatua ya mwisho: wape ushindi. Wajerumani wateremke kutoka kwenye nyambizi, risasi zilie ufukweni, wanawake wafike kwa wakati, na kikosi kiwe mashujaa mbele ya mji. Kila muswada wa filamu unataka kitu kikubwa mwishoni. Kwa kundi hili, kitu kikubwa kinawapunguza. Askari mgambo wa Walmington hawakuhitaji kuthibitishwa kwa bunduki, na Perry na Croft walilithibitisha hilo mapema kabisa, mwaka 1969, katika kipindi cha Branded.

Humo mzee Godfrey anataka kujiuzulu, na katika kujieleza anakiri kwamba katika vita vya kwanza alikataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri yake. Kikosi kinamtenga. Hawazungumzi naye. Mainwaring, mwenye haki zaidi ya wote kwa macho yake mwenyewe, ndiye mkali zaidi. Kisha katika zoezi ndani ya kibanda kilichojaa moshi Mainwaring anazidiwa, na anayeingia kumtoa ni yule mzee. Wanapokwenda kumwona akiwa kitandani, wanaiona picha yake ya zamani, amevaa nishani kifuani. Alikwenda vitani bila bunduki, akiwa mbebaji wa majeruhi, na huko Somme akawaokoa wenzake chini ya risasi. Hakuwahi kulitaja. Kwa nini haivai nishani hiyo? Jibu lake ni la unyenyekevu wa kawaida kabisa, wala hakuna muziki wa kukuelekeza ulie. Sasa kumbuka kwamba anayeigiza ni Arnold Ridley, ambaye mwili wake ulibeba makovu ya Somme. Nusu saa moja, studio moja, kibanda kimoja chenye moshi, na ushujaa wote wa vita viwili umo. Filamu yenye nyambizi, jasusi na mapigano ya ufukweni haijakifikia kile kibanda.

Utaniuliza kama hatua hizi ni za 2016 peke yake. Hapana. Mwaka 1971, kipindi kikiwa kwenye kilele, kampuni ya Columbia ilitengeneza filamu ya Dad's Army ikiwa na karibu waigizaji wote wa asili. Norman Cohen aliiongoza. Studio ikamwondoa Janet Davies, Bi Pike wa runinga, ikamweka Liz Fraser. Ikaongeza Wajerumani wa kuonekana ng'ambo ya bahari, ikaongeza mandhari, na mwishoni ikaleta mateka na bastola ndani ya ukumbi wa kanisa. Arthur Lowe yuleyule, Le Mesurier yuleyule, na bado haina nguvu ya kipindi cha kawaida cha jioni. Watengenezaji wa 2016 walikuwa na somo hilo limekaa rafuni kwa miaka 45.

Anayeona nachukia kila jaribio la kurudia cha kale atazame yaliyotokea mwaka 2019. Zamani BBC ilikuwa ikifuta kanda zake ili izitumie tena, na vipindi vitatu vya msururu wa pili wa Dad's Army vilipotea kwa namna hiyo. Miswada ilibaki. Kituo cha runinga cha Gold kikavitengeneza upya vipindi hivyo, kikiwa na Kevin McNally kama Mainwaring na Robert Bathurst kama Wilson. Maneno ni yaleyale ya Perry na Croft. Muda ni nusu saa. Vyumba ni vidogo.  McNally hamwigi Lowe. Anamwigiza Mainwaring, na Mainwaring anakubali. Bajeti ya vipindi hivi ilikuwa ya runinga, bila nyota wa Hollywood. Vimefaulu kwa sababu waliovitengeneza walikubali kwamba waandishi wa kwanza walijua walichokuwa wanakifanya.

Ewe mtayarishaji, basi, ukiletewa kesho kichekesho kilichopendwa na ukaambiwa ukikuze, nakuomba ukitazame kwanza chote, tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho, ukiwa na daftari, uandike kila kitu ambacho waandishi wake waliamua kutokionyesha. Usikiguse chochote katika orodha hiyo. Nawe msomaji, ikiwa hujawahi kukutana na watu wa Walmington, usianze na filamu ya 2016. Anza na Branded, kisha Mum's Army, kisha The Deadly Attachment. Ni saa moja na nusu kwa jumla, chini ya urefu wa ile filamu.